Marlys Tollefson na Hundi ya Mtalaka Wake

Siku kamati yetu ilipopiga kura kumpa Duane Krahn dola elfu tano, hakuna aliyemtazama mwenyekiti. Sote tulimtazama Marlys Tollefson. Yeye ndiye mweka hazina, na hundi zote huandikwa kwa mkono wake. Tena huyo Duane aliyekuwa akigombea ubunge wa Washington alikuwa mumewe kwa miaka ishirini na miwili, kabla ya kumwacha na ng'ombe sitini wiki ya kuvuna mahindi.

Marlys alikuwa wa pili kuinua mkono. Akafungua kitabu cha hundi, akaandika kwa mwandiko wake ule wa kusimama wima, akachana, akampa mwenyekiti Leland Pribyl.

Leland akaitazama kana kwamba anatafuta mahali ilipofichwa sumu. "Marlys, una hakika?"

"Anajua maziwa kuliko yule mwingine. Si ndiyo tuliyoyapigia kura? Au tulipiga kura kuhusu ndoa yangu?"

"La, mama. Maziwa."

"Basi ipeleke posta kabla sijabadilisha mawazo."

Mimi nilikuwa katibu wa kamati ile kwa miaka saba, ndiyo maana ninayasimulia haya. Tuko wafugaji mia tatu na kumi wa ng'ombe wa maziwa, wadogo wadogo, huku kaskazini mwa Wisconsin. Chama chetu kina mfuko wake wa siasa, na jina lake la kwenye karatasi ni refu mpaka linachosha ulimi. Sisi tunauita Mfuko wa Ndoo, kwa sababu zamani fedha zake zilikusanywa kwa kupitisha ndoo ya kukamulia kwenye mkutano mkuu, kila mtu akatumbukiza alichojaliwa.

Aliyekomesha mtindo wa ndoo ni Marlys. Mwaka wake wa kwanza wa uweka hazina alikuta ndani dola mia nne zimekunjwa na mpira, hazina jina. Akaenda kwenye kipaza sauti, watu wakiwa bado wanakula soseji, akauliza, "Nani ametia mia nne humu?" Hata watoto waliacha kutafuna.

Baada ya mkutano, Mzee Emmerich Zastrow alimfuata kwenye maegesho, kofia mkononi. "Binti, ni zangu. Lakini mke wangu asijue."

"Mzee Emmerich, noti taslimu mtu mmoja mwisho dola mia. Chukua mia tatu zako. Ukitaka kutoa nyingi, andika hundi."

"Nikiandika hundi?"

"Ukizidisha mia mbili kwa mwaka, jina lako, kazi yako na unapoishi vinapelekwa Tume ya Uchaguzi, na yeyote anaweza kusoma."

"Hata Hildegard wangu?"

"Huyo ndiye atakayekuwa wa kwanza."

Mzee alichukua mia tatu zake haraka kuliko alivyozitoa.

Hivyo ndivyo Marlys alivyo. Si mkali, lakini hapindiki. Mfugaji akileta hundi yenye jina la shamba, anamrudishia. "Shamba lako limeandikishwa kampuni, na fedha ya kampuni haiingii mfuko huu hata senti. Niletee hundi yako wewe." Mtu anang'aka, "Lakini shamba ndiyo mimi!" Naye anamjibu, "Mbele ya ng'ombe, ndiyo. Mbele ya sheria mko wawili."

Wanachama walinung'unika, kisha wakamzoea, kisha wakaanza kujivunia. Mnada wetu wa pai kila majira ya kuchipua uliwahi kuleta elfu tatu. Miaka minne baadaye ulileta elfu kumi na moja. Nadhani mtu hutoa kwa moyo zaidi akijua kwamba dola yake haitachanganywa na ya mtu asiye na jina.

Basi turudi kwa Duane. Sheria inasema mfuko kama wetu unaweza kumpa mgombea elfu tano kwa uchaguzi mmoja, basi. Tulikuwa tumeshampa. Lakini benki tulikuwa na elfu ishirini na zaidi, mbio zilikuwa za ubavu kwa ubavu, na Leland alitaka tufanye zaidi. Njia ipo. Mfuko unaweza kutumia fedha zake wenyewe, kwa kadiri unavyotaka, kununua matangazo ya redio ya kumsifu mtu, mradi mtu huyo na watu wake wasihusike. Wasiseme tuseme nini, wapi, wala lini. Wasinong'one hata neno. Wakinong'ona, matangazo yanageuka zawadi, na zawadi ina mwisho wake, nao tulikwisha kuufikia.

Wakili wetu alituambia haya kwa simu kutoka Madison, tumeizunguka simu kama watu waliozunguka moto. "Watakaosimamia redio," alisema, "wawe watu wasiozungumza na mgombea kabisa kuhusu kampeni. Ninyi mnazungumza naye?"

Tukatazamana. Duane ni dalali wa mnada. Miaka thelathini amenadi ng'ombe, matrekta na vyombo vya marehemu katika kila wilaya ya huku. Leland hucheza naye karata. Wengine wanne hunywa naye kahawa. Mimi nikasema sijazungumza naye tangu aliponinadia mtamba kiwete akaapa ni mzima.

"Na mimi pia sijazungumza naye," akasema Marlys.

"Hujazungumza naye tangu lini?" wakili akauliza kwenye simu.

"Miaka tisa."

"Kuhusu kampeni?"

"Kuhusu chochote, bwana. Nilipotaka arudishe ngazi yangu, nilimwambia binti yetu amwambie."

Tukamsikia wakili akicheka. Alisema katika kazi yake hajawahi kupata mtu anayefaa namna hiyo.

Kwa hiyo redio ikawa yetu sisi wawili. Mimi nilidhani tutamlipa mtu atuandikie tangazo, lakini Marlys alisema fedha za watu haziendi kununua maneno ambayo yeye anayo bure. Alikaa jikoni kwake na kalamu ya risasi, akaandika, akafuta, akaandika. Nilipomuuliza kama si kazi ngumu kumsifu mtu wa namna ile, alisema, "Ngumu ni kuongopa. Nitaandika ninayoyajua tu."

Na kituo cha redio kilipotaka dola mia sita za msomaji, akasema atasoma mwenyewe.

Tangazo lilianza kusikika wiki ya kwanza ya Oktoba. Nakumbuka nilikuwa zizini, mikono imejaa. Sauti ya Marlys, tulivu kama anaagiza chakula cha ndama:

"Mimi ni mfugaji. Duane Krahn namjua. Nimemwona akikamua ng'ombe sitini akiwa na homa, kwenye baridi ya kupasua mabomba. Anajua ni senti ngapi zinazobaki kwa mfugaji baada ya wengine wote kula. Hajui kupika, na hajui kunyamaza. Lakini maziwa anayajua, na huko Washington wanaoyajua ni wachache."

Kisha yale maneno ya lazima, kwamba tangazo limelipwa na sisi na halikuidhinishwa na mgombea yeyote.

Jamani, wilaya nzima ilivunjika mbavu. Ijumaa mkahawani, ambako watu wa huku hukusanyika kula samaki wa kukaanga, hakukuwa na habari nyingine. "Mgombea hakuidhinisha," mmoja alipaza sauti kutoka meza ya nyuma, "lakini mtalaka kaidhinisha!" Marlys alikuwa akila viazi vyake. Akamjibu bila kugeuka, "Wewe mkeo angeruhusiwa kusema redioni, ungepata kura ngapi?"

Wiki mbili za matangazo zilitumalizia dola elfu tisa, na kila malipo Marlys aliyaripoti Tume ndani ya siku mbili. Zilibaki elfu kumi na moja na mia nne. Tulipanga kwamba hizo tutanunulia matangazo ya wiki ya mwisho kabla ya kura, katika wilaya tatu za kaskazini. Mpango niliuandika mimi katika kumbukumbu za mkutano, na tarehe yake. Mkataba tu ndio hatukuwa tumetia sahihi.

Siku kumi na mbili kabla ya uchaguzi, adhuhuri, Janelle, binti yao wa pekee, alishikwa na uchungu.

Marlys alifika hospitali na viatu vya zizini. Duane alifika baada ya nusu saa na suti ya kampeni, beji ya jina lake mwenyewe kifuani. Kwenye chumba cha kungojea palikuwa na viti sita na mtu mmoja, mama wa binti yake. Haya aliyonisimulia Marlys nayasimulia kama alivyoyasema.

Duane alisimama mlangoni. "Marlys."

"Kaa, Duane. Ila neno la kampeni nisilisikie. Hata moja. Sheria."

"Nilisikia kwenye redio sauti ya..."

"Duane!"

"Haya. Sikusikia kitu." Akakaa, akiacha kiti kimoja katikati. Akavua beji, akaitia mfukoni.

Mtu ambaye maisha yake ni kusema, amekatazwa jambo pekee alilolisema kwa miezi minane. Alipiga vidole magotini. Akauliza hali ya paa la zizi. Akauliza kama yule ng'ombe mweusi mwenye tabia ya kufungua malango yu hai bado. Marlys akamwambia alikufa miaka mitano iliyopita, kwa uzee, nje ya lango alilolifungua mwenyewe. Wakacheka. Kisha wakakumbushana jinsi Janelle alivyozaliwa siku ya theluji kubwa, Duane akaendesha trekta mbele ya gari la wagonjwa kulifungulia njia.

Kisha Duane akasema, "Nilipaswa kungoja mahindi yaishe."

"Ulipaswa kuniambia kabla hayajapandwa."

"Nilikuwa siwezi tena, Marlys. Saa kumi na moja asubuhi, saa kumi na moja jioni, kila siku ya Mungu. Niliona aibu kusema nimechoka wakati wewe husemi."

"Na mimi nilikuwa nimechoka. Nilidhani wewe unayapenda, ndiyo maana nikanyamaza."

Marlys alinieleza kwamba hapo hakuna aliyelia wala kushikana mkono. Alijisikia tu kama mtu aliyevua buti lililokuwa na jiwe, akashangaa alitembeaje nalo muda wote huo.

Mtoto alizaliwa saa tisa na robo alasiri, wa kike, mwenye sauti ya babu yake. Walipokuwa wamemsimamia kwenye kioo, simu ya Duane ililia. Akajitenga akasikiliza, akarudi uso umemwanguka, na kabla hajajikumbuka ulimi ukateleza: "Tumekwisha. Fedha hakuna. Wiki ya mwisho kaskazini kote hatutakuwa redioni hata..."

"Duane!" Marlys alijiziba masikio, muuguzi akageuka. "Mdomo wako, Duane! Mdomo wako!"

Lakini neno lililokwisha kutoka halina lango la kulirudisha.

Kesho yake asubuhi tulikutana ofisini kwa Leland, juu ya duka la mbegu. Marlys alituonyesha picha ya mjukuu, akapongezwa, akanywa kahawa, kisha akasema, "Sasa sikilizeni. Wiki ya mwisho kaskazini hatuwezi kununua."

Alieleza yote. Leland alisimama. "Lakini sisi tulikwisha panga kabla! Katibu, si uliandika?"

"Niliandika," nikasema. "Tarehe ipo."

"Basi tatizo liko wapi?"

Tukampigia wakili. Alisema huenda tukaweza kujitetea kwa kumbukumbu zile. Huenda. Hakupenda mkataba utiwe sahihi baada ya maneno yale.

"Huenda inatosha," akasema Leland. "Marlys, nani atajua? Mlikuwa ninyi wawili na mtoto wa dakika kumi!"

"Nitajua mimi. Karatasi ya Tume inaniuliza kama matumizi haya yamefanywa bila mgombea kutuambia lolote. Anayetia sahihi hapo chini si wewe, Leland, ni mimi. Nimeambiwa. Siwezi kuandika sikuambiwa."

"Mtu atakosa ubunge kwa sababu ya sentensi moja!"

"Ni sentensi yake mwenyewe."

"Ama unamlipizia kisasi cha mahindi?"

Mimi nilitazama chini. Marlys aliweka kikombe mezani polepole. "Leland, kama ningetaka kisasi, ningekuwa nacho kila saa redioni kwa wiki mbili, na ninyi ndio mngelipa."

Nilicheka, nikashindwa kujizuia, na mwingine akacheka, na hata Leland mdomo ulimcheza ingawa alikataa kukaa. Tulipiga kura. Wanne kwa watatu, redio ikaachwa. Kura yangu ilikuwa pamoja na Marlys, nami nakiri nilisitasita, kwa sababu nilijua kaskazini bila redio Duane ataumia.

Kuhusu hizo fedha, ndipo tukamkumbuka Pa Houa Vang, mwalimu wa kilimo aliyegombea jimbo la jirani. Watu walisema hana nafasi. Wazazi wake walilima matango huko kwa miaka mingi, naye alikuwa amezungukia mashamba yetu kumi na mawili, akiuliza maswali na kuandika majibu. Tukampa elfu tano siku ile ile. Elfu sita na mia nne zikabaki benki.

Duane alishindwa kwa kura elfu moja mia moja na arobaini. Karibu zote zilimpotea kaskazini.

Leland hakumsemesha Marlys kwa wiki mbili. Kwenye samaki wa Ijumaa alihamia meza ya mbali, ile iliyo karibu na mlango wa jikoni ambayo hakuna anayeipenda, akawa anapigwa na mlango kila mhudumu anapotoka. Ijumaa ya tatu alikuja na sahani yake, akaketi mbele ya Marlys, akasema, "Pale pana upepo." Marlys akamsogezea chumvi. Hilo likaisha. Mpaka leo akilewa kidogo atasema, "Zile elfu kumi na moja zingetosha." Marlys humjibu, "Labda." Hajawahi kusema hapana, maana hajui, na jambo asilolijua halisemi.

Lililomsumbua yeye lilikuwa Duane. Uchaguzi umekwisha, kuzungumza sasa ruksa, na hakutaka asikie kwa mtu mwingine. Jumapili ya kwanza alimkuta kwa Janelle, anamnadia mjukuu chupa ya maziwa kwa sauti ya mnada ili anyamaze. Marlys alimwambia kila kitu akiwa amesimama: mpango wa kaskazini, fedha zilizokuwa tayari, maneno ya hospitali, na kura iliyopigwa.

Duane alimpa Janelle mtoto. Akakaa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Marlys alisema, mtu huyu alinyamaza bila kuombwa. Kisha mabega yakaanza kutikisika, akadhani analia, kumbe anacheka mpaka machozi.

"Mdomo ulionilisha miaka thelathini," akasema, "ndio ulioninyima ubunge."

"Nimesikitika, Duane. Kweli. Nilikupigia kura."

"Najua. Ulisema redioni kwamba nayajua maziwa, na wewe huongopi." Akajifuta macho. "Siku ile niliposikia lile tangazo, nilisimamisha gari kando ya barabara. Nilikuwa nimechelewa mkutano. Nikakaa pale hadi likarudiwa tena. Nikajiambia, haya, Washington nikikosa, angalau hili nimelipata."

Janelle aliwaambia wanyamaze, mtoto amelala.

Hawakurudiana, maana najua mtaniuliza. Watu wa huku waliwasubiri warudiane kama wanavyosubiri mvua, na Leland alikuwa tayari kutaja tarehe. Marlys aliniambia, "Mume nilishakuwa naye. Rafiki wa kuzungumza naye habari za Janelle sikuwa naye, sasa ninaye." Duane hula kwake Jumapili, hukosha vyombo, na mwezi wa Machi alimsaidia kuuza nusu ya kundi kwa bei nzuri, kwa sababu Marlys ameanza kutaka asubuhi zake.

Pa Houa Vang alishinda, tena kwa raha. Mwezi wa Juni alikuja kututembelea, na shamba la kwanza lilikuwa la Marlys. Alishuka na viatu vya ofisini. Marlys akamtazama miguu, akaenda ghalani, akarudi na mabuti ya mpira.

"Bi Tollefson," mbunge akaanza, "nilitaka kuwashukuru kwa ile hundi ya..."

"Hundi iliandikwa, ikaripotiwa, imekwisha," Marlys akamkatiza. "Ungesahau kabisa ningefurahi. Vaa hayo mabuti uje huku nikuonyeshe kitu kuhusu bei ya maziwa."

Waliingia zizini saa tatu asubuhi. Msaidizi wa mbunge alibaki nje akitazama saa yake, kisha akatazama tena, kisha akakata tamaa akaja kukaa nami kwenye kibaraza, nikampa jibini mbichi kwenye bakuli. Walipotoka ilikuwa karibu saa sita. Mbunge alikuwa na samadi hadi magotini na daftari limejaa, na Marlys alikuwa bado anaongea.